Msaji Ukiota Mvi Usiutupe: Namna ya Kufufua na Kulinda Samani za Chombo

Mtu asimamaye chini ya mibuyu ya Mama Ngina, kisiwani Mombasa, wakati upepo wa Kusi uvumapo kutoka bahari kuu, huona vyombo vya namna nyingi. Huona meli kubwa zenye makontena zikiingia Kilindini. Huona vivuko vya Likoni vikivusha watu na magari bila kupumzika. Na mara moja moja huona mashua au jahazi likitoka upande wa Mji wa Kale, limebeba wageni waliokuja kutazama Ngome ya Yesu na mlango wa bandari. Barabara hii ya pwani, ambayo zamani iliitwa Azania, ilitengenezwa upya pamoja na bustani yake, na sherehe za Siku ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2019 zilifanyika papo hapo. Tangu hapo watu wamezidi kufika jioni kula mihogo na kunywa madafu huku wakipunga upepo.

Lakini upepo uo huo unaomburudisha mtu wa nchi kavu ndio unaomtia hasara mwenye chombo. Umebeba chumvi. Tena jua la Mombasa, mji ulio nyuzi nne tu kusini ya Ikweta, halina huruma. Benchi, meza, kiti au kasha likikaa juu ya sitaha mwaka mzima bila kutunzwa, rangi yake nzuri hupotea, nalo likawa la kijivu kama majivu ya jikoni. Hapo ndipo wenye vyombo wengi hukata tamaa na kutupa mali iliyo hai, wakidhani imekwisha kufa.

Makala haya yanaeleza jinsi mali hiyo inavyoweza kuokolewa, na hatari ambazo yafaa mtu azijue kabla hajaanza kazi.

UBISHI UKINGONI MWA BANDARI YA KALE

Asubuhi moja mwandishi wa habari hizi alikuwa ukingoni mwa Bandari ya Kale, akamwona mzee mmoja mwenye jahazi dogo la kutembeza wageni akibishana na kijana wake. Juu ya sitaha palikuwa na mabenchi mawili marefu, meza moja, na kasha la nahodha lenye misumari ya shaba. Vyote vilikuwa vya msaji, na vyote mzee aliachiwa na baba yake. Vilikuwa vimechujuka kabisa. Benchi moja lilikuwa limeharibika zaidi, kwa kuwa kijana alikuwa amemwita kibarua alisugue kwa brashi ya waya na magadi makali. Mbao zake sasa zilikuwa na mifereji kama shamba lililolimwa, na vidoadoa vyeusi vimeenea kila mahali.

“Baba,” akasema kijana kwa adabu, lakini kwa uchungu, “wageni hawataki kukaa juu ya mbao hizi. Juzi watu wanane walitazama, wakapanda chombo cha jirani. Tuvitupe tununue viti vya plastiki.”

Mzee hakujibu. Alikuwa ameweka mkono wake juu ya kasha. Ndipo fundi seremala mmoja, mtu wa makamo yake, alipovuka kutoka chombo cha pili. Akaomba kisu. Akachoma meza mahali pengi, kwenye pembe, chini ya miguu, na penye maungio. Kisu hakikuzama. Kisha akatoa kipande cha msasa mfukoni, akasugua mahali padogo kama kiganja cha mtoto. Chini ya kile kijivu ikatokea rangi ya asali, na harufu ya msaji, ambayo hufanana kidogo na harufu ya ngozi, ikasikika.

“Mwanangu,” akasema fundi, “hii si maiti. Huyu ni mtu mzima aliyeota mvi.”

MTI WENYEWE NA SIFA ZAKE

Msaji si mti wa asili wa pwani yetu. Kwao ni Bara Hindi, Burma ambayo sasa huitwa Myanmar, Thailand na Laos. Vyombo vya Bahari ya Hindi viliundwa kwa mbao zake kwa karne nyingi, na majahazi makubwa ya Kuwait yaliyokuwa yakija Mombasa kwa upepo wa Kaskazi yaliundwa kwa msaji wa Malabar. Mafundi wa Lamu na visiwa vyake walizoea zaidi miti ya kwetu kama mbambakofi na mvule, lakini msaji uliletwa na biashara, na hata baadhi ya milango ya nakshi ya Mji wa Kale ilichongwa kwa mbao hizo. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani waliupanda Tanganyika, na leo yako mashamba makubwa ya misaji Tanzania, kama yale ya Longuza karibu na Muheza, na Mtibwa mkoani Morogoro.

Ubora wake watoka wapi? Ndani ya nyuzi zake mna mafuta ya asili na vitu vingine ambavyo wadudu na kuvu havivipendi. Tena mbao zake hazivimbi wala hazisinyai sana zinapolowa na kukauka. Ndiyo sababu manowari ya Kiingereza iitwayo Trincomalee, iliyoundwa Bombay mwaka 1817 kwa msaji, ingali yaelea mpaka leo huko Hartlepool, Uingereza.

Lakini hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta ushahidi. Mwezi wa Oktoba 1697, Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira Ngome ya Yesu, merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Taná ilizama mbele ya ngome hiyo. Merikebu hiyo iliundwa Bassein, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, kwa mbao za msaji. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280. Wataalamu walipoichimbua baina ya mwaka 1977 na 1980, waliona sehemu ya chini ya mwili wake ingali ipo chini ya tope. Tope liliizuilia jua na hewa, na wadudu wa baharini watoboao mbao hawakuweza kuifikia. Vitu vilivyotolewa humo vilihifadhiwa katika Ngome ya Yesu, na mbao za merikebu zikafunikwa tena palepale. Basi kama msaji waweza kukaa karne tatu katika tope la bandari, hapana sababu meza ya msaji ife juu ya sitaha katika miaka kumi.

KIJIVU HICHO NI NINI?

Watu husema mbao zimeoza. Si kweli. Katika mwangaza wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho, nayo huvunja kitu kiitwacho lignini, ambacho ndicho gundi ya asili ishikayo nyuzi za mti. Mvua huiosha gundi hiyo iliyovunjika, zikabaki nyuzi tupu za rangi ya majivu. Tabaka hilo ni jembamba sana, mara nyingi halifiki hata milimita moja. Chini yake msaji ni mzima.

Basi kabla ya kuamua lolote, fanya kama alivyofanya yule fundi. Choma kwa ncha ya kisu penye maungio na chini ya miguu, kwa kuwa maji hutuama huko. Kisu kikizama kama katika muhogo uliooza, hapo pana kazi ya kukata na kuunga. Kisipozama, mbao zako zimeota mvi tu.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kwanza, osha. Tumia maji baridi yasiyo ya chumvi, sabuni laini, na brashi ya nywele laini. Usisugue kwa kufuata nyuzi, maana brashi huchimba sehemu laini na kuacha mifereji. Sugua kwa kukingama. Mabaharia wa zamani waliosha sitaha kwa maji ya bahari, na kwa sitaha desturi hiyo haina ubaya. Lakini kwa samani chumvi huvuta unyevu usiku, na hula bawaba na parafujo. Suuza vizuri, kisha acha zikauke kivulini siku mbili au tatu.

Pili, ondoa madoa. Doa jeusi lililozunguka msumari ni kazi ya chuma kilichokutana na msaji uliolowa. Maji ya ndimu husaidia doa dogo. Doa kubwa huondolewa kwa asidi ya oksaliki, iuzwayo kama unga katika maduka ya rangi. Hiyo ni sumu. Ichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, vaa glavu na miwani, isuuze kwa maji mengi, na iweke mbali na watoto. Kisha ng'oa msumari wenyewe utie wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu, maana doa litarudi kama sababu yake ikibaki.

Tatu, tengeneza maungio. Mguu unaotikisika usipakwe rangi kwa kuficha aibu. Ufungue, safisha gundi kuukuu, futa mahali pa kuunga kwa spiriti ili mafuta ya msaji yatoke juu, na upesi utie gundi isiyoogopa maji. Pasipofanyika hivyo gundi haishiki, kwa kuwa msaji ni mti wa mafuta.

Nne, piga msasa. Neno hilo lenyewe lilikuwa kwanza jina la mti wenye majani yakwaruzayo, ambayo mafundi wa kale waliyatumia kulainishia kazi zao. Anza na msasa wa namba 80 ikiwa mbao zina mikwaruzo, kisha 120, kisha 180. Hapa ndipo unapofuata nyuzi, usiende kwa kukingama hata mara moja. Funika pua na mdomo, maana vumbi la msaji huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Wala usitumie sufi ya chuma. Vipande vyake vidogo hubaki katika nyuzi, vikashika kutu, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vidoadoa vyeusi katika benchi la yule kijana, kwa kuwa waya wa brashi nao huacha chembe zake.

KUCHAGUA KINGA

Mbao zikiwa safi, mwenye chombo ana njia tatu, na kila moja ina gharama yake.

Njia ya kwanza ni kuziacha ziote mvi tena, ukiziosha mara kwa mara. Hii si uvivu. Kwa sitaha ikanyagwayo ndiyo njia bora, maana vanishi huteleza ikilowa, na mgeni akianguka hasara ni kubwa kuliko uzuri.

Njia ya pili ni mafuta. Mafuta ya kitani hupendwa kwa kuwa bei yake ni nafuu, lakini kwa hewa yetu yenye unyevu huwa meusi na kulisha kuvu. Mafuta ya tungi, yatokayo katika mbegu za mti wa Kichina, hustahimili maji zaidi. Yoyote utakayochagua, utayarudia kila baada ya miezi michache. Ama sifa, yaani mafuta ya papa ambayo wazee hupaka ubavuni mwa majahazi, kazi yake ni nzuri mahali pake; lakini mgeni aliyevaa nguo nyeupe hatakushukuru ukimkalisha juu yake.

Njia ya tatu ni vanishi. Hapa watu wa pwani yetu wana historia wasiyoikumbuka. Katika karne ya 19 sandarusi iliyochimbwa ardhini katika Mrima ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hata Salem, Marekani, ili kutengenezewa vanishi. Magari ya farasi na samani za matajiri wa ng'ambo zilimetameta kwa utomvu wa miti ya kwetu. Vanishi za siku hizi hutengenezwa kwa vitu vingine. Ununuapo, chagua ile ya vyombo vya bahari, iliyoandikwa kuwa huzuia miale ya jua. Vanishi ya kabati za ndani haitamaliza Kusi moja.

Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti. Mkono wa kwanza wa vanishi uchanganye nusu kwa nusu na tapentaini ili upenye. Wa pili utie tapentaini robo. Mikono minne ifuatayo iwe mizito, na baina ya kila mkono piga msasa wa namba 220 kwa wepesi. Usipake jua linapowaka juu ya mbao, kwa kuwa vanishi hutoka malengelenge. Wala usipake jioni, maana umande huifanya iwe na ukungu. Paka asubuhi, umande ukisha kukauka, chini ya chandalua. Mkono mmoja kwa siku hufanya kazi ya siku sita.

HATARI AMBAYO WENGI HAWAIJUI

Fundi alipofika hapa katika maelezo yake, alimshika kijana bega, akamwambia jambo ambalo kila msomaji yafaa alikumbuke hata akisahau mengine yote.

“Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi,” akasema, “tulipaka mafuta ya kitani mchana kutwa. Jioni tukayakusanya matambara, tukayafanya bonge, tukayatupa ngamani. Hapakuwa na taa, hapakuwa na sigara. Usiku mvulana aliyelala chomboni akaamka kwa kukohoa. Matambara yalikuwa yakiwaka yenyewe. Tulivuta maji mpaka alfajiri. Mvulana yule angelala nusu saa zaidi, tungemzika.”

Huo si uchawi. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni kutoka hewani, na kazi hiyo hutoa joto. Kitambaa kilichotandazwa hupoteza joto hilo. Kitambaa kilichobanwa katika bonge hukusanya joto mpaka kikawaka. Kwa hiyo, kila tambara lililotumika litandazwe peke yake nje mpaka likauke na kuwa gumu, au litiwe katika kopo la chuma lenye maji na kufunikwa. Kamwe lisiachwe chini ya sitaha. Chombo cha mbao kikishika moto katikati ya maji hakina mahali pa kukimbilia.

KULINDA KUNA FAIDA KULIKO KUFUFUA

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Samani zilizofufuliwa zikiachwa bila ulinzi, baada ya miaka miwili zitarudi zilipokuwa. Tena kila upigapo msasa unapunguza mbao, na msaji haupatikani kwa urahisi. Myanmar ilikataza kuuza magogo yake nje tangu mwaka 2014, na mbao kuukuu za miti iliyokua polepole msituni mara nyingi ni nzito na zenye mafuta kuliko za misaji michanga ya mashambani.

Kinga iliyo bora haiuzwi katika kopo. Ni kivuli. Chandalua cha turubai juu ya shetri huzuia jua kuliko mikono kumi ya vanishi. Usiku samani zifunikwe kwa kitambaa kinachopitisha hewa, si kwa nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani na kuzaa kuvu. Kila chombo kirudipo, futa chumvi kwa kitambaa chenye maji baridi. Kazi hiyo haichukui hata robo saa.

Tena fuata majira. Kazi kubwa ifanywe Januari na Februari, wakati wa Kaskazi, hewa ikiwa kavu, kabla ya masika. Kusi ikisha kulegea, wakati wa demani, kagua tena. Panapoonekana pamechubuka, hata kama ni mahali padogo kama shilingi, piga msasa na upake siku ile ile. Maji yakiisha kuingia chini ya vanishi huenea kimya kimya, na mwisho utakwangua ubao mzima.

MWISHO WA UBISHI

Kijana yule hakununua viti vya plastiki. Alifanya kazi pamoja na fundi kwa muda wa wiki mbili, akiosha, akipiga msasa, na kutandaza matambara yake juu ya mawe ya ukingo. Meza na benchi zima zilirudi katika rangi yake ya asali. Kasha la nahodha lilisafishwa na misumari yake ya shaba ikang'arishwa, nalo sasa huwekwa chini ya chandalua.

Lile benchi lililosuguliwa kwa waya halikurudi kuwa kama zamani. Fundi aliliranda kadiri ilivyowezekana, lakini mifereji mingine ilikuwa imeingia ndani mno, na kuiondoa kungelifanya ubao kuwa mwembamba usioweza kubeba watu. Kijana akasema litolewe. Mzee akakataa.

“Liweke hapo hapo,” akamwambia. “Wewe ndiwe utakayekalia.”

Mwandishi alipopita tena, jahazi lilikuwa likijitayarisha kutoka na wageni. Kijana alikuwa ameketi juu ya benchi lile, ana kitambaa mkononi, akifuta chumvi kwenye meza.